Nani yuko mgongoni mwa ngamia?

Kaka, umeuliza kama kwenye tamasha la mbio za ngamia la Taif, Saudia, bado wanapandisha watoto. Hapana. Hicho unachokiona mgongoni kama mwanasesere aliyevishwa jezi ni roboti. Ina kilo chache tu, na mkono wake ni kiboko kinachozungushwa kwa rimoti. Tazama pembeni ya uwanja: kwenye ule msururu wa magari yanayokimbia sambamba na ngamia ndimo walimo wenye ngamia na wakufunzi. Mmoja kashika rimoti, mwingine anapiga kelele kwenye simu ya upepo, na sauti inatokea kwenye kispika kilichofungwa kwenye roboti, ili ngamia asikie sauti anayoijua. Kwangu mimi vituko vya magarini vinashinda mbio zenyewe.

Watoto walikuwepo kweli zamani huko Ghuba, wengi wakiletwa kutoka Pakistan, Bangladesh na Sudan kwa sababu ya wepesi wao. Wengine walivunjika vibaya. Mwaka 2005 Qatar na Falme za Kiarabu zikakaza marufuku, roboti zikashika nafasi.

Taif wameanza 2018 tu, na hufanya kiangazi kwa kuwa mji uko milimani, joto lina afadhali. Ukisikia habari za mashindano ya urembo wa ngamia, hilo ni tamasha jingine, la Mfalme Abdulaziz, nje ya Riyadh. Huko mwaka huohuo wa 2018 ngamia 12 walitolewa mashindanoni kwa kudungwa botoksi, ile sindano ya urembo ya usoni. Usicheke, ni kweli.