Dawa ya Parkinson inamwishia baba kabla ya dozi nyingine

SWALI: Shikamoo dokta, nipo Kongwa. Baba angu ana Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo wa kutetemeka na kukakamaa, miaka kadhaa sasa, anameza levodopa na kabidopa saa 1 asubuhi, saa 7 mchana na saa 1 usiku. Zamani alikuwa anashinda vizuri, siku hizi ikifika saa 5 mkono unatetemeka, miguu mizito, jasho linamtoka na wasiwasi mpaka anagoma kutoka nje. Watu wanasema mwili umeizoea dawa. Nimwongezee kidonge?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimwongezee mwenyewe, na usimkatishie pia, levodopa ikikatishwa ghafla mtu anaweza kukakamaa na homa kali juu. Dawa bado inafanya kazi, shida haikai sana kwenye damu, ndani ya saa moja na nusu hivi nusu yake imeshaondoka. Mwanzoni ubongo unakuwa bado na seli za kutunza dopamini, ile kemikali ya kuendesha mwendo ambayo levodopa inageuka kuwa, kwa hiyo mgonjwa hasikii pengo, ugonjwa ukisonga seli zinapungua ndo anaanza kuishiwa kabla ya dozi inayofuata. Hilo jasho na wasiwasi ni sehemu ya hilohilo, sio kudeka, naomba sana msimgombeze.

Mi ningeanza na chakula. Wengi wanameza dawa na mlo palepale, sasa protini ya nyama, maziwa, maharage na karanga inagombania njia na levodopa kuingia mwilini. Ameze nusu saa kabla ya kula au lisaa limoja baadae, mchana ale ugali wa uwele na mlenda usiojaa karanga, nyama na maziwa vihamie usiku, ila msimnyime kabisa maana atakonda. Vidonge vya kuongeza damu visiende pamoja na levodopa. Choo kigumu nacho kinachelewesha dawa, kwa hiyo maji na mboga kwa wingi.

Alafu chukua daftari, andika saa anayomeza, saa anayokula na saa dalili zinaporudi, peleka kliniki. Daktari akiona hizo saa anaweza kumgawia dozi ndogondogo mara 4 au 5 kwa siku, au kumwongezea entakaponi inayofanya levodopa idumu zaidi. Na akipata kichefuchefu, duka la dawa wasimpe metoklopramidi, inazuia dopamini na itamrudisha nyuma.