Saa 7:00 ya nani? Maswali ya wahariri wa wiki ya Unguja na Pemba

Wiki ya visiwa vyetu, yaani tovuti ya habari inayoandikwa na wasomaji wenyewe, inahaririwa na kila aliyejisajili, kuanzia mwanafunzi wa skuli hadi mzee aliyestaafu bandarini. Ugomvi wa habari yenyewe ni mchache. Watu hasa wanazozana juu ya namna ya kuiandika. Nimechagua maswali haya kwa sababu yanarudi kila mara.

Niliandika kuwa boti ya asubuhi ya kwenda Dar es Salaam inaondoka saa 7:00. Mwenzangu akabadilisha ikawa saa 1:00, nikairudisha, naye akaibadilisha tena. Nani ana haki? (Msomaji, Malindi)

Mwenzako. Tiketi imeandikwa 07:00, na wewe umeinakili kama ilivyo, ukaitia neno "saa" mbele yake. Msomaji wa Kiswahili akikuta "saa 7:00" anaelewa saa saba mchana. Atakula wali wake kwa utulivu, ateremke bandarini Malindi, na huko boti imeshafika Dar zamani.

Kanuni yetu ni saa za Kiswahili, na wakati wa siku usikosekane: saa 1:00 asubuhi, saa 10:30 jioni, saa 3:00 usiku. Kwenye kurasa za boti na ndege tu ndipo tunapoongeza mabano, "saa 1:00 asubuhi (07:00 kwenye tiketi)", maana pale msafiri ana karatasi mkononi na lazima vilingane.

Na kwa kuwa tumefika hapo, kuna mtego mkubwa zaidi, wa usiku. Wazee wetu wakisema "usiku wa Ijumaa" wanakusudia usiku unaoitangulia Ijumaa, yaani Alkhamisi baada ya magharibi. Vijana wengi wanakusudia Ijumaa yenyewe ikishaingia giza. Ukitangaza maulidi kwa maneno hayo, nusu ya wageni watafika siku ya pili wakute majamvi yameshakunjwa. Andika "Alkhamisi usiku" au "usiku wa kuamkia Ijumaa". Mambo ya historia nayo ni vivyo hivyo. Meli ya MV Spice Islander I iliondoka Unguja kuelekea Pemba tarehe 9 Septemba 2011 na ikazama usiku wa kuamkia tarehe 10. Tumewahi kuwa na kurasa mbili zenye tarehe mbili, na kila mwandishi akiapa kuwa yake ndiyo sahihi.

Nimeandika kuwa Vumawimbi ni ufukwe mzuri kuliko wote duniani. Kwa nini mmefuta? Mimi ni Mpemba, najua ninachosema. (Msomaji, Konde)

Ndugu yangu, hakuna aliyekataa uzuri wake. Lakini sentensi hiyohiyo imo kwenye ukurasa wa Nungwi, imo kwenye wa Paje, na msomaji hawezi kuipima. Mpe kitu cha kushika: "Vumawimbi ni ufukwe ulioko kaskazini-magharibi mwa Pemba. Njia ya gari inapita ndani ya Msitu wa Ngezi." Hapo anayetoka Chake anajua aelekee wapi na atapita wapi. Ukitaka kueleza mchanga, eleza rangi yake na upana wake maji yakitoka. "Paradiso" waachie wenye hoteli. Na maelezo ya hoteli yasinakiliwe, hata ukibadilisha maneno mawili matatu. Yana mwenyewe.

Je, si utovu wa adabu kumwandika kiongozi bila "Mheshimiwa" au "Dk."? (Mwalimu, Mkoani)

Mwalimu, nikikutana naye barazani nitamwamkia kwa heshima zake zote. Ukurasa hauamkii mtu. Heshima ya kiongozi tunaiweka kwenye cheo na miaka: "Ali Mohamed Shein, Rais wa Zanzibar 2010–2020". Hilo linamfaa mjukuu wako kuliko "Mheshimiwa", ambalo halimwambii alikuwa nani wala lini. "Marehemu" vilevile haihitajiki, tarehe ya kufariki inatosha.

Jina linalojulikana na watu ndilo linalokaa juu, hata likiwa na "Bi" ndani yake. Kwa hivyo ukurasa unaitwa "Bi Kidude", na sentensi ya kwanza inamtaja kwa jina la Fatuma binti Baraka na kifo chake tarehe 17 Aprili 2013. Mwaka wake wa kuzaliwa haujathibitika, basi uandikwe hivyohivyo. Kila mwezi anatokea mtu wa kumtilia mwaka anaoutaka yeye.

"Kwa sasa" ina kosa gani? (Msomaji, Jang'ombe)

Haina tarehe. "Kwa sasa Zanzibar ina watu milioni 1.3" ilikuwa kweli baada ya sensa ya 2012, iliyohesabu watu 1,303,569. Sensa ya 2022 imehesabu 1,889,773. "Kwa sasa Beit al-Ajaib inafanyiwa ukarabati" nayo ilikuwa kweli mpaka tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya jumba ilipoporomoka kazi ikiendelea. Taja mwaka, au taja sensa yenyewe. Siku habari ikichakaa, msomaji ataona mwenyewe.

Chwaka ipi? (Msomaji, Tumbe)

Swali fupi na zuri. Tunaandika "Chwaka (Unguja)" na "Chwaka (Pemba)", hii ya pili ikiwa ndiyo ya magofu yaliyo jirani nawe. Mkoani nako tuna mji na tuna wilaya, kwa hivyo ni "Mkoani (mji)" na "Wilaya ya Mkoani". Jengo lenye majina mengi lina ukurasa mmoja tu. Atakayetafuta "Jumba la Maajabu" ataelekezwa "Beit al-Ajaib". Usifungue ukurasa wa pili kwa sababu hukupenda tahajia ya wa kwanza.

Bibi yangu anajua asili ya jina la kijiji chetu, lakini hakuna kitabu kilichoandika. Niiache? (Msomaji, Makunduchi)

Usiiache hata kidogo. Iandike kama masimulizi: "Kwa masimulizi ya wazee wa kijiji, yaliyorekodiwa mwaka fulani…" Jina la bibi usilitie bila ya ridhaa yake. Kama kuna wazee wa mtaa wa pili wanaosimulia vingine, na kwenu hilo halikosekani, weka na yao chini yake bila kuamua nani mkweli. Kisha nenda Nyaraka za Taifa pale Kilimani uangalie kama jina hilo limo kwenye ramani za zamani. Likiwemo limeandikwa vingine, nakili herufi zake kama zilivyo na utaje mwaka wa ramani.

Naweza kuweka vichwa vya habari kwa herufi kubwa tupu na rangi nyekundu? (Msomaji, Wete)

Hapana. Wala kijani.