Nyanya anasema Kisuba, nimrekodi vipi?

SWALI: Nyanya yangu wa Mfangano, kisiwa cha Ziwa Victoria, anasema Kisuba, sisi wajukuu wa Kisumu tunajua Kijaluo tu. Nilimrekodi kwa simu, nikapata upepo mtupu. Nifanyeje?

JIBU: Upepo wa ziwa usikuchezee. Mketishe ndani, madirisha yafungwe (mvua ikigonga mabati, ahirisha), simu ikae sentimita 20 kutoka mdomoni, kando kidogo ili pumzi isipige maikrofoni. Zima mtandao, na uhifadhi kwa WAV (faili ya sauti isiyobanwa).

Kosa kubwa zaidi ni kuuliza kwa Kijaluo. Kisuba ni lugha ya Kibantu kama Kiswahili, lakini Kijaluo si ya Kibantu na hakina ngeli kama zetu, kwa hiyo utaondoka na maneno matupu, pengine ya Kijaluo chenyewe. Kama anakielewa Kiswahili, uliza hivi: “mti mkubwa”, kisha “miti mikubwa”. Hapo viambishi na upatanisho hujitokeza vyenyewe. Kila neno alirudie mara 3, maana neno la mwisho katika orodha hushushwa sauti, na toni (kupanda na kushuka kwa sauti ya neno) ikapotea. Akianza kusimulia, achana na orodha. Vitenzi vimejaa humo. Nusu saa kwa siku yatosha, nyanya si redio.