Koki ya jikoni imeganda: la kufanya sasa hivi

Ndugu, kwa kuwa umesema ni koki ya jikoni pekee isiyotoa maji, na huko Minneapolis, Marekani, ni nyuzi 25 za Selsiasi chini ya sifuri, basi barafu imeziba bomba la jikoni tu. Kwa kawaida ni pale linapopita kwenye ukuta wa nje, nyuma ya kabati la sinki.

Kabla ya kupasha chochote, tafuta koki kuu ya nyumba, mara nyingi iko chumba cha chini kando ya mita ya maji, ujue inavyofungwa. Bomba huenda limeshapasuka na barafu ndiyo inayozuia maji. Ikiyeyuka, jikoni kutafurika.

Kisha fungua koki ya sinki, ya moto na ya baridi, uziache wazi. Hili watu hulipuuza sana. Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9, na yale yaliyobanwa kati ya barafu na koki iliyofungwa ndiyo hupasua bomba, pengine mbali na barafu yenyewe.

Tumia mashine ya kukaushia nywele, ukianzia upande wa koki na kurudi taratibu hadi ukutani, ili maji yanayoyeyuka yapate pa kutokea. Moto wa gesi usiutumie kabisa: huunguza nyumba.

Bomba likivuja, funga koki kuu, umwite fundi bomba. Ili lisigande tena, usiku acha milango ya kabati wazi, maji yachuruzike kidogo, na joto la nyumba lisishuke chini ya nyuzi 13 za Selsiasi, hata mkisafiri.