Kabla hujashika futi: kwenu mnaoanza kazi ya kupanga majiko ya nyumbani

Mteja wa jiko siku hizi hakuelezi anachotaka, anakutumia picha WhatsApp. Jiko jeupe, kisiwa (kaunta iliyosimama peke yake) katikati, taa tatu zinaning'inia, hakuna hata sufuria moja inayoonekana. Msibishane naye. Mwambieni ni zuri, kisha mwombeni jambo moja: mfike nyumbani kwake siku na saa wanayopika chakula cha mchana. Futi iacheni kwenye begi kwanza.

Kitu cha kwanza mtakachokiona ni kwamba anayelipa mara nyingi siye anayepika. Kwenye nyumba nyingi za Dar es Salaam anayeshinda jikoni ni dada wa kazi, au mama mkwe aliyekuja kukaa. Baba mwenye nyumba anajua rangi anayoitaka, lakini hajui unga unakaa wapi. Kwa hiyo ombeni ruhusa kwa heshima, mzungumze na huyo anayepika. Na swali liwe la kazi, maana ukimuuliza "unapenda jiko la namna gani?" atakujibu "lolote tu, kaka". Muulize: "Dada, ukiipua ile sufuria kubwa, huwa unaiweka wapi?" Akijibu "chini", tayari mna kazi ya kufanya. Jiko halina pa kutulia kitu cha moto. Upande mmoja wa jiko la gesi acheni kaunta tupu ya sentimita 40 hivi, na upande wa pili isipungue 30.

Mtasikia sana habari za pembetatu: friji, sinki na jiko, na jumla ya hatua kati yake iwe kama mita 4 hadi 8. Kanuni hiyo ilienezwa na watafiti wa nyumba wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, miaka ya 1940. Kabla yao, mwaka 1926, msanifu wa Austria Margarete Schütte-Lihotzky alibuni jiko la Frankfurt, chumba cha takriban mita 1.9 kwa 3.4, akihesabu kila hatua ya mpishi. Ni kazi za maana, zisomeni. Ila kumbukeni walimpangia mama mmoja anayepika peke yake. Kwetu mmoja anachambua mchele, mwingine yuko chini juu ya mbuzi anakuna nazi, mtoto anapita na jagi la maji. Pembetatu itumieni kukagua mchoro, lakini ongezeni mambo yetu: mahali pa kukaa na mbuzi au kinu bila kuzuia mlango, mahali pa pipa la maji, na njia ya kutoka uani kwenda sebuleni isiyokatiza kati ya sinki na jiko. Njia ya mpishi mmoja sentimita 90 zinatosha. Wakiwa wawili, wekeni 120.

Na kile kisiwa cha kwenye picha? Hesabuni mbele ya mteja: kaunta ya ukutani 60, njia 100, kisiwa 80, njia nyingine 100. Hiyo ni mita 3 na sentimita 40, na hapo hamjaweka kitu ukuta wa pili. Chumba chake kina mita 3. Namba zitasema zenyewe, ninyi hamna haja ya kumvunja moyo.

Sasa kimo. Hapa ndipo majiko mengi mapya yanapoharibikia, na ndipo kijana mgeni kwenye kazi anapoweza kuwapita wazoefu. Kila mtu anajenga kaunta ya sentimita 90 kwa sababu ndivyo makabati ya kununua yanavyokuja. Mchukueni dada wa sentimita 158. Kiwiko chake kiko karibu sentimita 100 kutoka sakafuni. Juu ya kaunta ya 90 anaweka jiko la gesi la mezani, linaongeza kama 10. Juu yake sufuria yenye kina cha 18. Mdomo wa sufuria umefika 118, na mwiko bado uko juu zaidi. Huyo mtu atasongaje ugali wa watu wanane? Ugali unasongwa kwa uzito wa mwili kutoka juu, na hapa mikono yake imepanda usawa wa mabega. Atafanya anachofanya kila mtu: ataishusha sufuria sakafuni, ataibana kwa miguu na kusongea huko, pembeni ya kaunta ya mamilioni. Kisha mwenye nyumba atalalamika kwamba dada hataki kutumia jiko jipya.

Dawa yake ni kuvunja usawa. Sehemu ya jiko la mezani ishuke mpaka 70 au 75, na ubao wa kusukumia chapati ukae hapo hapo, kwa kuwa chapati nayo inataka uzito. Sehemu ya kukatia vitunguu na nyama iwe chini ya kiwiko kwa sentimita 10 hadi 15. Sinki linaweza kupanda kidogo kuliko hapo, maana kuosha kunafanyika chini kwenye bakuli la sinki, si juu ya kaunta. Vipimo hivyo vyote vinatoka kwenye mwili mmoja: msimamisheni mpishi akiwa na ndala anazovaa siku zote, akunje mkono, mpime kutoka sakafuni hadi kiwikoni. Wakipika wawili wenye vimo tofauti, msigawanye kati kwa kati. Mfuateni anayesonga ugali.

Gesi haitaki utani. Mtungi wa kilo 15 huwa unafichwa kwenye kabati lenye milango iliyobana vizuri, ionekane kazi safi. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka na kutulia chini, humo humo kabatini. Pazuri ni nje, kwenye kizimba chenye kivuli, na bomba lipenye ukutani ndani ya bomba kubwa zaidi. Ikibidi ukae ndani, kabati liwe na matundu ya chini kabisa yanayotoa hewa, na lisipakane na soketi. Pimeni mtungi ukiwa na regyuleta yake juu, vinginevyo mlango hautafunga. Ulizeni pia upepo. Nyumba za pwani dirisha likitazama kusini-mashariki, msimu wa kusi unazima moto wa gesi kila saa, na moto uliozimika huku koki iko wazi ni hatari. Sogezeni jiko pembeni ya dirisha. Na familia inayochemshia maharage kwa mkaa itaendelea hivyo, msijidanganye. Wapeni kibanda kizuri uani, chenye bati na meza ya saruji. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, haifai kuingizwa ndani.

Umeme na maji nitapita haraka. Oveni au jiko la umeme liwe na waya wake na breka yake. Birika na maikrowevu zisigombee soketi moja. Haya yote yaamuliwe kabla ya lipu, siyo baada ya marumaru. Bomba la maji machafu linataka mteremko wa sentimita 2.5 kwa kila mita, hivyo kuhamisha sinki kwenda ukuta mwingine maana yake ni kufukua sakafu. Bei hiyo aijue mteja siku ya kwanza.

Mkishika futi, kila ukuta pimeni mara tatu: chini, usawa wa kaunta, na juu. Lipu zetu zina matumbo. Pembeni tumieni 60, 80 na 100 kujua kama kona imekaa mraba: kutoka konani pimeni sentimita 60 ukuta mmoja na 80 ukuta wa pili, na kati ya alama hizo mbili ziwe 100, na kabati likatwe kwa kipimo kidogo kuliko vyote. Upenyo utazibwa na kipande cha ubao.

Sura ya jiko nimeiacha mwisho kwa makusudi. Msianzie rangi ya milango. Anzieni sakafu na kaunta, kwa kuwa ndizo ngumu kubadilisha, na dukani chaguo zake ni chache. Marumaru nunueni zote siku moja, mkilinganisha namba ya toleo kwenye boksi, na muongeze asilimia 10 ya akiba. Nyuma ya jiko grauti (kile kijazio cha katikati ya marumaru) nyeupe itageuka njano, manjano ya kupikia hayaombi ruhusa. Wekeni kijivu. Graniti nyeusi inapendeza, lakini nyumba inayotumia kisima cha maji chumvi itaonyesha kila tone lililokauka, pamoja na unga wote. Kabati la chini ya sinki lisiwe la chipubodi (ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa), unyevu ukiingia linavimba kama andazi. Tumieni marine board, yaani plaiwudi inayostahimili maji, na kingo za kila ubao zipakwe au zifungwe, hata zile zisizoonekana. Makabati ya juu yafike dari. Ukiacha nafasi, mafuta na vumbi vinaganda kule juu mwaka mzima. Rafu ya mwisho wekeni masinia na sufuria za shughuli. Taa ya katikati ya dari haitoshi, mpishi anakata kitunguu ndani ya kivuli chake mwenyewe. Wekeni taa chini ya makabati ya juu. Sampuli za rangi mzipeleke jikoni kwenyewe, mziangalie mchana na usiku, maana taa za dukani zinadanganya.

Kabla ya kukata ubao wowote, chora makabati sakafuni kwa chaki, kwa vipimo halisi, pamoja na mlango wa friji na wa oveni ikiwa wazi. Mwombe mpishi apite humo akijifanya anapika: achukue nyanya, aoshe, akate, aipue. Atagonga kitu ambacho mchoro haukukionyesha. Rekebisheni, kisha mwenye nyumba asaini mchoro wenye kila kipimo na modeli ya friji. Baada ya saini, akija na friji ya milango miwili aliyoipata kwa bei nzuri Kariakoo, mchoro unarudi mezani, na bei nayo.