Jibu: Majani ya soya yana vidoa na yanapukutika, nipulize dawa gani?

Mkuu mtoa mada, kwa maelezo yako upo Namtumbo, soya imeanza kutoa maua, majani ya chini yana vidoa vya kahawia, na dukani wamekwambia uchanganye dawa ya wadudu na ya ukungu upulize kwa pamoja. Shika hela yako kwanza.

Mimi nalima Songea vijijini, na huku vidoa hivyo mara nyingi ni kutu (ugonjwa wa ukungu) au ni bakteria. Kwa macho vinafanana sana. Chuma majani kadhaa ya chini, yatie kwenye mfuko wa plastiki pamoja na karatasi yenye unyevu, funga, acha hadi kesho yake. Kisha geuza jani, angalia mgongo wake kwa lenzi, au piga picha kwa simu uikuze. Kama ni kutu, utaona vipele vimepasuka juu na kutoa unga wa rangi ya udongo. Vya bakteria havitoi unga, na mara nyingi vimezungukwa na umanjano.

Ikiwa ni bakteria, dawa ya ukungu haina kazi hapo. Usipalilie majani yakiwa na umande, maana utausambaza ugonjwa mwenyewe, msimu ujao tafuta mbegu safi na eneo hilo panda mahindi.

Kutu ni habari nyingine. Inakuja na upepo, kwa hiyo kubadilisha mazao peke yake hakukuokoi. Kule Uganda kutu iliripotiwa mwaka 1996, na Chuo Kikuu cha Makerere wakaja kutoa mbegu ya Maksoy 1N inayoistahimili mwaka 2004. Kwako sasa hivi, pulizia dawa ya ukungu iliyosajiliwa kwa soya mapema, maua yakianza, na urudie kwa muda ulioandikwa kwenye kibandiko. Elekeza bomba chini, ndani ya majani. Wengi wanalowesha juu tu wakati ugonjwa uko chini. Shamba likishageuka njano lote, hiyo dawa ni hasara tu.

Wadudu nao wapime. Viwavi wakila kiasi kabla ya maua, soya inavumilia hata theluthi ya majani. Wa kuogopa ni kunguni wanaofyonza maganda yakijaza: asubuhi tandika kitambaa kati ya mistari, tikisa mimea, uhesabu wanaodondoka. Ukikuta hakuna kitu, dawa ya wadudu ya nini? Utaua bure na wale wanaowala viwavi.

Weka picha ya mgongo wa jani hapa kesho tuangalie.