Simba haji tena getini

SWALI: Shikamoo daktari. Mbwa wangu Simba ana miaka 4. Tangu Jumatano nikirudi kazini haji getini kunipokea, analala tu chini ya mwembe. Ugali na dagaa anaunusa, anageuza shingo. Jana nimekuta matone ya damu barazani, yanatoka pua ya kushoto. Kwenye duka la dawa za mifugo wameniambia ni minyoo, nikampa dawa, sioni nafuu. Jirani anasema kalishwa sumu. Nifanyeje?
Mama wa Kihonda, Morogoro

JIBU: Marahaba mama, na pole sana. Hukutaja kupe, basi anzia hapo: mpekue ndani ya masikio, katikati ya vidole na chini ya mkia. Mbwa aliyekataa chakula, analala kutwa na pua inavuja damu bila kugongwa, mimi nafikiria kwanza erlikiosisi, ugonjwa unaoenezwa na kupe wa kahawia wa mbwa. Vijidudu vyake huingia kwenye chembe nyeupe za damu, na zile chembe za kugandisha damu hupungua sana. Dawa ya minyoo haifiki huko.

Jirani naye usimpuuze. Sumu ya panya ya aina fulani nayo huzuia damu kuganda, na tiba yake ni nyingine kabisa, vitamini K. Kama imetegwa kwako au kwake, daktari aambiwe mapema.

Mfunue mdomo wa juu taratibu. (Ila kama taya limelegea, anachuruzika mate au amekuwa mkali ghafla, usimguse, ita daktari, huenda ni kichaa cha mbwa.) Bonyeza ufizi kwa kidole kisha uachie. Wekundu urudi ndani ya sekunde 2. Ukiukuta umepauka, au una vidoa vyekundu kama vya kalamu, usingoje kesho.

Mwanzoni mwa kazi yangu nilimtibu mbwa mmoja kwa macho tu, maana mwenyewe hakuwa na hela ya kipimo. Nikampa doksisaiklini, antibiotiki ya kutibu erlikiosisi. Siku ya nne mkojo wake ukawa kama chai ya rangi. Kumbe ilikuwa babesia, ugonjwa mwingine wa kupe, ambao una sindano yake. Yule mbwa hakupona, na bado namkumbuka. Kwa hiyo nakusihi, Simba atolewe damu kabla ya dawa nyingine yoyote: tone lipakwe kwenye kioo, liangaliwe kwa hadubini, na chembe zihesabiwe. Hapo Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina hospitali ya wanyama.

Dawa za maumivu za watu, diklofenaki na ibuprofeni, usimpe hata kidogo. Huchubua tumbo la mbwa, na huyu tayari anavuja.

Ikithibitika ni erlikiosisi, doksisaiklini hutolewa kwa wiki 4 hivi. Wengi huanza kula baada ya siku chache, na hapo ndipo watu huacha dawa. Wewe mmalizie. Kupe nao hutaga kwenye nyufa za ukuta, kwa hiyo banda linyunyiziwe dawa pia.

Mpeleke leo hii, na ile pakiti ya dawa ya minyoo uende nayo.